Ngoma si anasa

Tulipoomba gari la kupeleka vijana wa kambi ya Kinama hadi Gishora, karibu na Gitega, ofisi moja ilitujibu: "Hilo si hitaji la msingi." Sawa. Ila semina ya kunawa mikono, ya ngapi sijui, ilipata gari, soda na fulana.

Tukachangishana, tukaomba vibali, tukaenda wachache, kutoka Muyinga kupitia Karuzi. Pale Gishora, kwa mwami Mwezi Gisabo, kuna ngoma mbili, Ruciteme na Murimirwa. Hazipigwi kabisa. Zinapigwa nyingine, hizo mbili zinalindwa tu, baba anamwachia mtoto kazi hiyo. Kijana wetu mmoja, mzaliwa wa kambini, akauliza: "Na sisi Wakongo, zetu ziko wapi?"

Nikamwambia: vitu vyetu vingi viko Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu kama 84,000. Orodha, siyo vitu. Akacheka sana. Eti hata sisi tumezoea: jina liko kwenye orodha, sabuni haifiki.

Ndugu zetu wa mashirika, mtoto huyo anakula mahindi yenu na bado anauliza ametoka wapi. Nani amewaambia swali hilo lingoje mpaka ashibe? Wenzake thelathini hawajaenda. Mafuta ni shida Burundi nzima, tunajua, tutachanga tena. Lakini gari lenu linalala getini kila Jumamosi, tunaliona.