Wimbo Ulionunuliwa Usitiwe Kufuli

Muuzaji akishapokea bei, bidhaa humtoka mkononi ikawa mali ya mnunuzi. Ndivyo biashara tunavyoijua. Lakini muziki uuzwao kwa intaneti kwa miaka kadhaa ulikwenda kinyume cha hayo.

Apple ilipofungua duka lake la nyimbo huko Marekani mwaka 2003, wimbo mmoja uliuzwa senti 99 za dola, nao ulitiwa kufuli: faili yake haikufunguka ila katika kompyuta chache zilizosajiliwa na katika vyombo vya kampuni hiyo yenyewe. Wenye makampuni ya muziki walidai kuwa hiyo ni kinga dhidi ya wezi.

Waama, kinga hiyo ilimzuia nani? Makampuni hayo hayo yalikuwa yakiuza sahani za CD, nyingi zisizo na kufuli. Aliyetaka kuiba aliinakili CD. Aliyelipa kwa halali ndiye aliyefungiwa. Alioza samaki mmoja, wakahesabu mtungo mzima umeoza.

Hasara yake ilidhihirika mwaka 2008, Yahoo ilipotangaza kufunga duka lake la muziki. Wateja waliambiwa kwamba baada ya Septemba hawatapewa tena funguo za kuhamishia nyimbo zao katika kompyuta mpya. Walipolalamika, ndipo wakaahidiwa fidia. Ni mali gani hiyo, ambayo muuzaji akifunga duka, nawe uliyekwisha kulipa huikosa?

Alhamdulillahi, mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Mei 2007 EMI ya Uingereza ilianza kuuza nyimbo zake bila kufuli katika duka la Apple, kwa dola 1.29. Septemba Amazon ikafungua duka la namna hiyo, na mwaka 2009 Apple ikaondoa kufuli katika nyimbo zake zote.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kuondoka kwa kufuli si ruhusa ya kupora. Mtungaji hukesha akipima mizani na vina, na mpiga udi ana watoto wanaomngoja nyumbani. Anunuaye wimbo mmoja akausambaza mtaa mzima, amekula jasho la mwenziwe. Kufuli likiondoka, hubaki amana, na amana haina mlinzi ila moyo wa aliyekabidhiwa. Muuzaji ametuamini. Nasi jirani akiupenda wimbo wetu, tumkaribishe ausikilize, kisha tumwonyeshe njia ya dukani.