Mgonjwa na Afahamishwe kwa Lugha Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu aliyevunjika mguu amepona siku ile plasta inapokatwa. Sivyo. Mguu uliofungwa majuma sita hutoka mwembamba, misuli ya paja imenywea, na goti limekaza halikunjiki. Mfupa umeunga, lakini mwenyewe hawezi kuchuchumaa wala kushika jembe. Hapo ndipo ianzapo kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Sisi wa Kamukuzi twaijua haja yake, maana pikipiki za bodaboda hazikosi kutuletea majeruhi.

Wako waidharauo kazi hii, husema ni kukandakanda tu. Basi, aliyepasuliwa tumbo asipofundishwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, makohozi hukaa kifuani yakaweza kuleta homa ya mapafu. Mwenye kiharusi asipogeuzwa kitandani huota vidonda. Na watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda hunyoshwa kwa njia ya Daktari Ponseti: plasta hubadilishwa kila juma, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, na baadaye huvivaa usiku tu mpaka afike kama miaka minne. Je, huko ni kukanda?

Lakini hasa nataka kusema jambo jingine. Kidonge humfanyia kazi hata mtu asiyejua jina lake. Zoezi halifanyi hivyo. Mtaalamu humwona mgonjwa kwa muda mfupi, labda mara moja kwa juma. Siku zilizobaki mgonjwa hujitibu mwenyewe nyumbani, kwa yale aliyoyasikia. Kama hakuyafahamu, hakutibiwa.

Mimi natoka Nakivale, wilaya ya Isingiro, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Siku hizi wako Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na sokoni Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Aliyeumia vibaya hupelekwa Mbarara, na huko husemeshwa Kinyankole au Kiingereza. Jirani yetu mmoja, mama wa Kikongo, alirudi kutoka hospitali moja na karatasi ya Kiingereza. Akaiweka vizuri sandukuni pamoja na vyeti vyake, akaunyosha mguu juu ya kigoda mwezi mzima, akidhani anautunza. Nilipokwenda likizo akanipa niisome. Kumbe iliagiza akunje goti mara kumi, asubuhi, mchana na jioni! Goti lilikuwa limekwisha kuwa gumu kama mhimili wa mlango, na nauli ya kurudi Mbarara hakuwa nayo.

Katiba ya Uganda ilipobadilishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kitumike kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Najua wako wazee ambao bado hukiita lugha ya askari na wanyang'anyi. Mama yule hawezi kungoja ubishi huo uishe.

Chuo Kikuu cha Mbarara hufundisha tiba ya viungo. Naona ingefaa wanafunzi wake wafundishwe pia Kiswahili, si cha mashairi, bali cha kazi yao: kunja, nyosha, kaza, legeza, vuta pumzi, hesabu mpaka tano, je, wapi panauma? Maneno hamsini yangetosha kwa kuanzia. Nanyi kaka zetu mliosoma hapa zamani, ambao sasa mko katika kazi za hospitali, mwaweza kuyasema haya mahali ambapo sisi hatusikiki.

Sisi tulio shuleni tungeweza kwenda siku za Jumamosi, wawili watatu, kuwa wakalimani, kama Mwalimu Mkuu na wakubwa wa hospitali wataturuhusu. Karatasi ya goti nimekwisha kuiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja wenye picha nne, nayo yangoja kusahihishwa na mtaalamu. Ya bega na ya mgongo bado. Anayejua kuchora anione bwenini baada ya chakula cha jioni.