Likizo ya Mtu Mmoja

Nataka kujibu neno ambalo ndugu yangu mkubwa alinitupia mbele ya wageni, ati nalikwenda kucheza peke yangu kama mtoto aliyepotea.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2019 kazi ilinipeleka Paris. Mkutano ulipokwisha nilikuwa na siku tatu za likizo, nikazimaliza Disneyland Paris, bustani kubwa ya michezo iliyofunguliwa Aprili 12, 1992, mashariki ya mji huo. Gari la reli hukufikisha karibu na lango lenyewe. Ndani mna ngome ya rangi ya waridi, na chini ya ngome pango, na pangoni joka la mitambo lililofungwa minyororo, likikoroma na kutoa moshi. Nalisimama mbele yake kuliko watoto wote, wala hapakuwa na mtu wa kunivuta mkono akisema twende.

Ninyi mlalao mabwenini mtanielewa. Tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu nalikula kwa kengele, nikalala kwa kengele, nikaoga katika safu. Baada ya shule ikaja kazi, kisha jamaa. Nalikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, nami sijapata siku moja ambayo saa zake zote zilikuwa zangu.

Jioni ya kwanza, kusema kweli, naliona haya. Mtumishi wa hoteli aliuliza tu wangapi. Nikamwonyesha kidole kimoja, naye akaondoa bilauri tatu mezani, moja moja. Kwetu mtu alaye peke yake hudhaniwa mchoyo, au zaidi ya hapo. Nikala upesi.

Kesho yake nikaona jambo jingine. Baadhi ya michezo ina njia yao waliokuja peke yao. Mmoja una magari ya umbo la gamba la kasa, viti vinne kila gari, watu wawili wawili wamepeana migongo. Wakiingia watatu, kiti kimoja hubaki kitupu. Basi huitwa mtu wa peke yake akijaze. Nikatiwa pamoja na mama mmoja na wanawe wawili. Gari lilipotumbukia gizani likizunguka, kijana aliyekaa kando yangu akanishika mkono kwa nguvu zote akapiga kelele, nami nikapiga kumshinda. Tulipotoka akauachilia kwa haya, tukaagana kwa kucheka tu, maana lugha yetu haikuwa moja.

Ndugu yangu asema fedha ile ingalilipa karo. Karo ya watoto wetu nalikwisha kuilipa kabla sijapanda ndege, naye ajua, maana risiti anazo yeye. Nionavyo mimi, hasira yake si ya fedha. Ningalikwenda na watu sita na kutumia mara sita, angalinisifu kwa majirani. Hilo ndilo nisilolikubali.

Katika jambo moja ana haki. Usiku, fataki ziliporuka juu ya ngome, nalisema "Tazama!" kwa sauti, kwa Kiswahili, na hapakuwa na wa kutazama. Liliniuma.

Hata hivyo naweka akiba ya safari nyingine, nami nitakwenda vile vile. Habari za joka nimemweleza ndugu yangu mara mbili. Mara ya pili aliuliza yeye.

Mwanafunzi wa Zamani