Intaneti Yetu Yahitaji Utaratibu Kabla ya Fedha



Muhula huu kilio kimekuwa kimoja, bwenini na hata miongoni mwa wazazi: intaneti ya chumba cha kompyuta ni nzito, basi na tununue kifurushi kikubwa zaidi. Mimi sikubaliani na shauri hilo.

Yafaa kwanza tujue habari hupita wapi. Ukurasa uliohifadhiwa ng'ambo husafiri katika mikongo iliyolazwa chini ya bahari, kama SEACOM, ulioanza kazi mwaka 2009, na EASSy wa mwaka 2010. Kutoka Dar es Salaam hufuata nyaya za Mkongo wa Taifa hata mikoani, na mwisho mnara wa simu huurusha hewani. Mikongo hiyo miwili ilipoharibika baharini tarehe 12 Mei 2024, nchi nzima ilipata shida, na hapana mwanafunzi wa Kiloleli ambaye angeweza kuitengeneza. Lakini matumizi ya chumba chetu ni juu yetu wenyewe.

Njia ya hewani ina tabia yake. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, wakauita mtandao wao ALOHA. Kila kituo kilisema kilipotaka. Viwili vikisema pamoja, habari zote mbili ziliharibika. Hesabu ilionyesha kwamba kwa desturi hiyo njia haifikishi zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Baadaye vikawekwa vipindi maalum vya kuanza kusema, na kiasi hicho kikawa maradufu. Mawimbi yalikuwa yale yale! Vyombo vingi vya siku hizi husikiliza kwanza kabla ya kusema, lakini vikiwa vingi bado huzuiana. Aliyepata kupeleka pamba mnadani atanielewa: mizani ni moja, na watu wakisukumana hapimwi mtu.

Hasara yetu kubwa, hata hivyo, ni kuleta kitu kimoja mara nyingi. Tukiambiwa tusome kitabu cha Fizikia, kila mmoja hukishusha peke yake. Kitabu cha megabaiti 25 kikishushwa na wanafunzi 40 ni megabaiti 1,000. Kikishushwa mara moja usiku, kikawekwa katika kompyuta moja na kugawiwa kwa waya humo chumbani, ni 25 tu. Zile 975 ni fedha za wazazi wetu, tena ni saa za wale wanaojitayarisha kwa mtihani.

Rafiki zangu wengine wasema nakala huchakaa. Ni kweli kwa habari za magazeti, lakini kanuni ya Ohm haibadiliki kila juma, wala mitihani iliyopita.

Kwa hiyo naomba kompyuta moja iliyo nzima itengwe iwe ghala, zinunuliwe nyaya na swichi, na kila mwalimu atoe orodha ya vitabu vyake siku ya Ijumaa. Njia itakayobaki wazi waachiwe wanaotafuta jambo ambalo halimo ghalani. Walinzi wa ghala wasitoke kidato cha nne, maana sisi twaondoka Novemba. Wachaguliwe wawili wa kidato cha pili, wafundishwe sasa, na hasa wafundishwe kuizima mashine vizuri umeme unapoanza kuyumba.