Nyumba Yetu: Ua la Sebuleni Siku ya Mawingu

Mvua za Katavi hutuweka ndani. Kuanzia Novemba hadi Aprili ziko siku ambazo anga la Mpanda hufunga tangu alfajiri, bati likanguruma, nguo zisikauke na watoto wakajaa sebuleni. Wengi hudhani siku kama hiyo haifai kwa picha. Kwa picha ya ua la ndani, ndiyo siku inayofaa kuliko zote.

Wenzetu wa Ulaya hulijua jambo hili. Majira ya baridi, bustani zao zinapolala, hubaki na vyungu vya dirishani. Mojawapo ya maua wanayoyapenda sana lilitoka kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua dogo la zambarau likiota porini huko Tanga, akalipeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia. Hadi leo ua hilo huchanua kwenye madirisha ya Ulaya huku theluji ikianguka nje.

Kwetu Mpanda aghalabu tuna koleusi, yenye majani mekundu, ya zambarau na ya kijani, au krotoni ya madoa ya njano, ndani ya kopo la rangi au ndoo kuukuu. Hayo yatosha kabisa.

Kwa nini mawingu? Jua kali likipenya dirishani, upande mmoja wa jani huwa mweupe na upande wa pili huwa mweusi, rangi zikapotea. Mawingu huutawanya mwanga ukaja polepole kutoka pande nyingi, na kila rangi ikaonekana kama ilivyo.

Basi fanya hivi. Futa vumbi la majani kwa kitambaa chenye unyevu. Utomvu wa krotoni huwasha ngozi, kwa hiyo nawa mikono baadaye, na usiiache mahali mtoto anayetambaa aweza kuifikia. Weka kopo juu ya kigoda, karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni. Vuta pazia. Zima taa, maana taa nyingi za nyumbani hutia umanjano. Zima pia flashi ya simu, kwani hung'arisha majani ya mbele na kulitia giza lililo nyuma. Nyuma ya ua tundika kanga au shuka la rangi moja iliyokolea. Upande ulio mbali na dirisha simamisha karatasi nyeupe. Itarudisha mwanga kwenye majani yaliyo kivulini.

Futa kioo cha kamera ya simu, maana mikono ya jikoni huacha mafuta. Siku ya mawingu mwanga ni mchache, na mkono ukitikisika picha hufifia. Egemeza simu kwenye kiti au rundo la vitabu. Gusa jani kwenye kioo cha simu ili kamera ililenge. Enzi za filamu ya picha 36 tulihesabu kila picha kwa sababu ya gharama. Leo twaweza kupiga kumi na kubakiza moja.

Pengine utauliza, mama mwenye kazi nyingi ana haja gani na picha ya ua? Wengi wetu tuna mtoto aliye mbali: chuoni Dodoma, kazini Dar es Salaam, au nchi za watu. Tunapowasiliana tunasema "hatujambo", na yeye hujibu "sijambo", habari zikaishia hapo. Picha ya ua la sebuleni humwonyesha nyumbani kwao: dirisha lile lile, kigoda alichokalia, kanga anayoijua. Usimfichie kopo lililobonyea. Hilo ndilo atakalolitambua kwanza.

Tena picha ina faida nyingine. Jicho linaloona kila siku halioni mabadiliko. Piga picha ya ua hilo kila mwezi, dirisha lile lile na saa ile ile, kisha uzilinganishe. Koleusi ikiwekwa gizani, nyuma ya kabati au kando ya televisheni, wekundu wake hufifia na shina hurefuka likitafuta mwanga. Waliomo nyumbani hawatambui. Mtoto aliye mbali ataona na kuuliza, "Mama, mbona ua limepauka? Mnaendeleaje huko?" Swali hilo lafungua mazungumzo ambayo salamu peke yake haikuyafungua. Mjibu kweli: kama ni giza, mwambie umelisogeza, kama ni wewe uliyechoka ukasahau hata kumwagilia maji, mwambie pia. Mtoto mkubwa aweza kubeba habari hiyo, na wengi hupenda kuaminiwa nayo.

Ukimaliza kupiga, usilirudishe ua kwenye kona ya giza. Mwanga uliopendeza kwa picha ndio unaoyapa majani rangi. Liache karibu na dirisha, ukiligeuza kidogo kila wiki ili lisiinamie upande mmoja, na jua kali la adhuhuri lisilichome.

Anga likifunga tena wiki hii, mwite mmoja wa watoto ashike karatasi nyeupe. Ni kazi ya nusu saa, na mvua itakuwa bado haijakatika. Hadi mwezi ujao, kwaherini.