Twavaa Majina ya Watu

Kaskazi ikishika, mtu wa Pwani hana pa kuyaficha mavazi yake. Tangu Disemba hadi Machi joto la mchana mjini Mombasa hufika nyuzi 32, hata 33, za Selsiasi, na unyevu wa bahari huigandisha nguo mwilini kabla mtu hajavuka barabara. Huko Ulaya watu huyangoja majira ya joto kwa miezi mingi ndipo watoe nguo nyepesi sandukuni. Kwetu sisi joto ni la mwaka mzima, linazidi na kupungua tu, na nguo zake tulikuwa nazo zamani: kikoi, kanzu ya pamba, leso, makubadhi. Hakuna aliyetufundisha.

Kwa hiyo ni jambo la kushangaza kidogo kumtazama kijana wa leo akitoka nyumbani kwenda Idd. Kanzu amevaa, na kofia amevaa, alhamdulillahi. Lakini kiunoni, juu ya kanzu, pana mkoba mdogo wenye jina la Gucci, na machoni miwani yenye jina jingine la kigeni. Dada yake naye yuko ndani ya buibui jeusi la heshima, na begani ananing'iniza begi lililojaa herufi za Louis Vuitton toka juu hadi chini, kana kwamba mwenye begi ni Louis Vuitton na yeye amepewa alibebe tu.

Sisi hatuna ugomvi na kujipamba. Itakuwa ajabu gazeti linalosomwa na watu wa Pwani kuhubiri uchakavu. Huu ni ukanda wa asmini na vikuba, wa udi na hina, wa kanzu iliyotiwa dondo na kupigwa pasi hata ikasimama yenyewe. Dini yetu imekataza israfu na majivuno, na wanaume wakazuiwa hariri na dhahabu. Uzuri na usafi haikuvikataza, bali imetuamrisha tuchukue pambo letu tuendapo msikitini. Tunalouliza ni jingine kabisa: katika pambo hili jipya, ni nani anayelipwa, na kwa kazi gani?

Tukubaliane kwanza kuwa mengi ya majina hayo ni ya bandia. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na anayetazamwa navyo anajua kwamba mtazamaji anajua. Begi la kweli la nyumba hizo za Paris na Italia huuzwa kwa bei ambayo familia nyingi zingelipia kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na mamlaka ya kuisimamia ipo, lakini mikoba hii ingali inaninginia vibandani mchana kweupe. Hatuwalaumu sana wachuuzi, ambao wanatafuta riziki na kuuza kile watu wanachokiuliza. Ila tumkumbushe mnunuzi kuwa anatoa fedha zake kununua uongo mdogo, tena ulioshonwa kwa plastiki, ambao baada ya kaskazi moja huanza kubambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Na uongo huo una historia ambayo sisi wa Pwani, kuliko watu wengine, tungepaswa kuihofu. Kulikuwa na wakati hapa ambapo nguo ilisema daraja la mtu kabla yeye hajafungua kinywa. Mtumwa alivaa merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa iliyoletwa na majahazi ya Wamarekani kutoka Salem, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Kichwa chake kilikuwa wazi. Kofia, kilemba na viatu vilikuwa vya waungwana. Huko Lamu mwanamke wa ukoo mkubwa alitembea ndani ya shiraa, ambayo ni kama hema ya kitambaa, na waliozishika nguzo zake walikuwa wajakazi. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo jambo la kwanza walilolifanya wengi wa walioachwa huru lilikuwa kubadili nguo. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakatupa kaniki wakajitanda leso za rangi, na baadaye buibui, ambalo lilikuwa zuri kwa sababu moja zaidi: likishavaliwa, hutambui nani binti wa nani. Shiraa ikapotea, na wala hakuna aliyeililia ila labda wachache waliokuwa ndani yake.

Basi watu waliopigania haki ya kuvaa kofia, leo wajukuu wao wanarudisha madaraja kwa mkono wao wenyewe. Shuleni na arusini wasichana wanapimana kwa herufi zilizo begani. Asiye na jina la kigeni hujikunja pembeni. Tumesikia kisa cha kijana aliyekataa kwenda arusi ya binamu yake kwa sababu viatu vyake havikuwa na alama ile ambayo wenzake wote walikuwa nayo, na wenzake wote walikuwa na ya bandia!

Wakati huo huo, mafundi wetu wako wapi?

Chukua kofia ya vito ya Lamu. Fundi huanza na bafta nyeupe, tabaka mbili, akachora nakshi kwa kalamu ya risasi. Kisha hutoboa vitundu vidogo sana, akavizungushia uzi kimoja kimoja kwa sindano, mamia kwa mamia, mpaka kitambaa kikawa kama dirisha la nakshi linalopitisha hewa. Kilele hushonwa peke yake na mzunguko peke yake, halafu huunganishwa, kofia ikafuliwa, ikatiwa dondo, ikawambwa ikauke katika umbo lake. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na kofia nzuri hasa huchukua miezi. Hakuna kofia mbili zinazolingana sawasawa, na mjuzi hutambua mkono wa fundi kama vile mtu atambuavyo mwandiko wa ndugu yake. Isitoshe, vitundu vile si vya urembo tu. Katika jua la kaskazi vinapitisha upepo kichwani. Ikiwa neno la mbunifu wa mitindo lina maana yoyote, basi huyu aliyeketi barazani na sindano yake ni mbunifu, ingawa hakuna aliyemwita hivyo na jina lake haliko popote juu ya kofia.

Huyu ndiye tunayemvutavuta kwa bei. Mtu ambaye hakuuliza mara mbili alipotajiwa bei ya begi la bandia, akitajiwa maelfu ya shilingi kwa kofia ya miezi miwili hushika kifua, akaapa kuwa anaonewa. Gawa bei hiyo kwa siku za kazi, utaona fundi anabaki na kidogo kuliko anayebeba mizigo sokoni. Vijana wa Lamu wanaifanya hesabu hiyo pia. Anayeweza kupata kazi ya kuongoza wageni au kuendesha bodaboda, kwa nini akae na sindano? Kofia za mashine kutoka ng'ambo zimejaa madukani kwa bei ya chini, na kwa kila siku zinafaa. Hatutamwambia mtu wa kipato kidogo asizivae. Lakini ikiwa hata kofia ya Idd na ya arusi itakuwa ya mashine, basi baada ya kizazi kimoja sindano ile haitakuwa na wa kuishika. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika zamani kwa kazi ya ngozi, kwa makubadhi na mishipi, hata kwa kunakili misahafu. Leo mtu akisema Siyu, wengi hufikiri ngome tu.

Wapo watakaosema kuwa sisi wa Pwani hatujui mambo ya chapa na majina, na kwamba hayo ni ya Wazungu. Hiyo si kweli hata kidogo. Itazame leso. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji, ambayo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kirumi. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake hapa Mombasa, na watu wakamjua kwa jina la Abdulla. Leso zake zikawa na alama yake ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, na mama zetu wakaitafuta alama hiyo ukingoni mwa nguo kabla ya kufungua kibindo. Hiyo nayo ni chapa, bila shaka. Tofauti yake ni kuwa ilikuwa alama ndogo pembeni, na yale maneno makubwa ya katikati yalikuwa ya mvaaji mwenyewe. Alichagua jina la kumpongeza shoga yake, au la kumjibu jirani, au la kumtuliza mume. Mwanamke wa Kiamu au wa Kimvita angeweza kupita njiani bila kusema neno na mtaa mzima ukajua amekasirikia nani. Tuambieni, begi la Gucci linasema nini juu ya mwenye kulibeba ambacho halisemi juu ya watu milioni wengine?

Haki itendeke: leso zenyewe hazikufumwa hapa siku zote. Zilipigwa chapa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, na leo nyingi zinatoka India na China. Hata merikani, kama jina linavyosema, ilikuwa ngeni. Pwani haikuwahi kuogopa kitu cha ng'ambo. Lakini michoro na maneno ya leso yalitoka hapa, kwa ladha ya wanawake wa hapa, na kiwanda cha mbali kikafuata amri yao. Siku hizi kiwanda cha mbali ndicho kinachotuamrisha.

Hata afya inaingia katika jambo hili. Mabuibui na madera mengi ya siku hizi ni ya poliesta, kwa kuwa ni rahisi na hayakunjamani. Pamba katika hewa ya kawaida hushika unyevu wa asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Maana yake ni kwamba jasho la mama aliyesimama kituo cha matatu saa saba mchana halina pa kwenda. Kina dada wanaoshona wenyewe wanajua kwamba pamba nyepesi nyeusi inapatikana, na kuwa fundi wa mtaani akiambiwa vizuri hushona buibui pana la stara linalopitisha hewa, kwa urefu wa mwenyewe na mikono aipendayo. Huo ndio mtindo wa mtu binafsi kama tunavyouelewa. Hauhitaji kusafiri mpaka Dubai.

Ama kikoi, habari zake zinafaa kukumbukwa na kila mtu. Wageni walikipenda, wakakipeleka fukwe za kwao, na mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili huko neno lenyewe, kwa maandishi ya "kikoy", liwe alama yake ya biashara. Lau ombi lingekubaliwa, mfanyabiashara wa Kenya angeweza kuzuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina la kikoi. Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi hilo halikufika mwisho wake. Wenzetu wa ng'ambo, kumbe, waliona thamani katika neno hilo wakati sisi tulikuwa tukikitumia kikoi kujifutia maji na kuona haya kukivaa mjini.

Wafuma vikapu wa Taita walikwenda mbele zaidi: waliandikisha alama ya vikapu vyao, ili mnunuzi ajue kipi ni cha Taita kweli. Hatuoni kwa nini washona kofia wa Lamu wasifanye vivyo hivyo, na serikali ya kaunti iwasaidie katika karatasi na ada, ambazo ndizo zinazomshinda fundi. Alama ndogo ndani ya kofia, upande usioonekana, pamoja na jina la aliyeishona, ingetosha. Wenye maduka nao waache tabia ya kununua kofia kwa fundi kwa bei ya kutupa na kumficha jina ili mteja asimfikie. Na wale wanaotoa mahari na zawadi za bwana arusi wafikirie kuweka ndani yake kofia ya mkono mahali pa saa yenye jina la bandia.

Mwenye kutaka kofia ya namna hiyo kwa Idd ijayo asingoje Ramadhani iingie. Fundi apelekewe kipimo cha kichwa na arubuni tangu Rajabu, tena arubuni ya maana, ili naye apate kununua uzi.