Meno ya plastiki ni meupe mno

Nakubaliana na mwandishi wa makala kuhusu kufunza udaktari wa meno kwa vichwa bandia na simuleta: mwanafunzi asianzie kuchimba meno kwenye kinywa cha mama yangu. Vichwa bandia si vigeni, Oswald Fergus alivileta tangu 1894, na simuleta za kompyuta za leo humfanya mwanafunzi ahisi mkononi tofauti ya jino zima na lililooza. Hapo sina neno.

Shida yangu ni hayo meno ya plastiki yenyewe. Yote meupe, laini, yamepangika kama punje za mahindi. Njooni Athi River na Mlolongo, kaunti yetu hii ya Machakos, ambako visima vingi vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha WHO. Meno ya huku yana madoa ya kahawia, mengine yana vishimo, na dawa ya kuziba hushika kwa taabu. Anayesomea Nairobi au Eldoret atalizoea wapi jino la hivyo? Meno yanayong'olewa hospitalini kila siku, mgonjwa akiridhia, yasafishwe, viini vya magonjwa viuawe, yapelekwe chuoni.

Tena simuleta haiumwi, haisukumi kwa ulimi, wala haiulizi bei kabla ya kufungua mdomo.